Kikohozi cha Mlangoni

Ndani ya feri ya Mbita, mjane mmoja alikuwa akimsimulia mzee aliyeketi naye kwamba mumewe, miezi mingi baada ya mazishi, bado alikuwa akikohoa mlangoni kila jioni, kikohozi kilekile alichozoea kubishia hodi. "Nikaita watu wa maombi, wakakemea. Sasa ni kimya kabisa."

"Hilo lilikuwa pepo, Mama," mzee alisema. "Mtu ashazikwa, kifua kitamsumbua cha nini?"

Wakacheka. Ivy, abiria aliyeketi nyuma yao, anayesomea saikolojia chuoni Bondo na ambaye darasani hainui mkono hata akijua jibu, siku hiyo alijipa moyo. "Samahani, Mama. Sikio likimzoea mtu, huendelea kumngoja. Wafiwa wengi husikia hivyo. Ni mapenzi tu."

"Nyathina, mwanangu, mapenzi yanakohoa?" mzee akabisha.

Mjane hakucheka tena. "Kwa hivyo hakukuwa na pepo?"

"Hakukuwa, Mama."

"Basi wale watu walinifukuzia nani?"

Ivy alitamani kuyameza maneno yake. Feri ikagusa gati, mzee bado anabisha. Abiria wakashuka, lakini mjane alibaki ameketi, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza.