Ile Nusu ya Parcelle ya Nyakasanza

Fungeni mulango, batoto yangu, mukae chini pembeni ya kitanda, na weye Séphora ukae pale Annie dada yenu, yeye hasikie, anaona mikono yako vizuri, umutafsirie kila kitu, juu ile nitasema ni ya siye bote, na sitaki kesho mutu aseme kama yeye haikumufikia. Pumuzi iko kidogo. Ile inabakia nitaitumia kwa neno moja, na munaijua: parcelle, ile kiwanja yetu.

Hii nyumba ya Bigo, Hippolyte, ni yako pamoja na duka ya baba yenu, juu weye njo mukubwa na umenitunza bila kunung'unika sana. Mashine ya kushona ni ya Séphora. Lakini ile nusu ya parcelle ya Nyakasanza, pale masomo iko, ile shule ya batoto habasikie, hakuna mutu ataigusa. Najua unataka kujenga dépôt ya kuweka simenti pale. Najua hata vile uliambia bajomba zako kama masomo imeshakufa, batoto bachache, balimu batatu, na ku mutihani ya mwaka ya sita hakuna hata moja alipita. Zéro. Uliitaja ile zéro mu salon yangu mbele ya bageni, na miye nikanyamaza juu nilikuwa nimechoka. Leo nimechoka kupita ile siku, lakini sitanyamaza.

Séphora ni mwalimu yao, alikuwa pale. Inspecteur alifika na dictée, maneno ya kusomea batoto baandike, akasimama mbele ya batoto habasikie, akafunika mudomo na karatasi, akaisoma. Batoto bakatazama karatasi. Séphora akaomba aisome na mikono, akajibiwa kama ile ni kusaidia batoto kuiba. Hesabu ilifuata, na hesabu balikuwa banaijua, lakini bamoja balishaanza kulia na bengine balishalaza kichwa ku meza. Kisha zéro ikabandikwa ku ukuta, na weye mutoto wangu, mufanya biashara mwenye haununue gunia bila kuifungua, ukaamini ukuta.

Kuko ingine haikubandikwa. Plamedi, moja ya bale batoto, alitoka mu site, kambi ya bakimbizi, mama yake alibakia kule vita ilipita, na kwa myaka mbili hakutazama mutu usoni. Mwaka ya tatu akaandika jina yake na chaki ku mulango ya choo, na siye bote tukaenda kuiangalia sawa vile batu banaenda kuona mutoto mupya. Bulletin yake, ile karatasi ya pointi, ya ile mwaka ilisema arudilie darasa.

Yule yule inspecteur akauliza kabila: Bahema ngapi, Balendu ngapi, siye Banande ngapi. Séphora akauliza batoto na mikono. Bamoja bakaonyesha njia ya Bigo, bengine Ngezi, na moja akaonyesha vile mama yake anakaanga mandazi. Kabila haina alama mu mikono yao, na sijaomba hata siku moja bafundishwe. Mu hii Ituri yetu batu bamekufa juu ya ile jibu.

Munajua masomo ilizaliwa juu ya nani. Annie alipata homa mu utoto, masikio yake ikafunga, na baba yenu mudogo Adolphe akasema ni laana, na bageni bakifika anamusukuma jikoni. Alphonse baba yenu alipokufa akaniachia parcelle, nikaikata mbili. Serikali ilileta kibao na bendera, miye nikaleta udongo. Tangu pale Adolphe hanisalimie. Mumuambie akuje akule na siye, nimechoka kumuchukia. Banasema asiyesikia ya mukubwa anavunjika muguu. Annie hakusikia ya mukubwa hata moja, na muguu yake iko muzima, njo yeye ananibeba kwenda kuoga.

Na weye Hippolyte njo ulikuwa masikio yake. Mulikuwa na luga yenu ya mikono mbele masomo haijakuwa, unamutafsiria mahubiri ku kanisa, na muchungaji anakasirika kama munacheza. Kisha mikono yako ikashika magunia, ukasahau. Sikulaumu. Lakini naona vile munakula meza moja na dada yako munatazamana sawa bageni, na ile inaniuma kupita huu ugonjwa.

Basi musikie. Munizike pembeni ya baba yenu, bila fujo. Siku ya kufunga matanga, ku siye mukubwa njo anasimama kutoa neno ya nyumba, na neno ikishatoka, vitu inagawanywa. Ile siku Annie njo atasimama. Atasema na mikono, na weye Hippolyte utasimama pembeni yake kutafsiria batu na mudomo yako, weye, hapana Séphora. Usipomuelewa, neno haijatoka, na hakuna kitu itagawanywa, hata hii nyumba. Kesho asubui uende Nyakasanza, ukae ku banc pamoja na batoto, bakufundishe. Plamedi anachekaka mutu akikosea. Umuvumilie.

Sogeeni. Mukono yangu imekuwa nzito, munishikie niiweke ku vichwa vyenu. Mungu bwana akuongeze, Séphora, na nguvu yako ya kufundisha isikauke. Akuongeze Hippolyte, dépôt yako ijae, mahali pengine. Muishi pamoja... musikatazane chakula... maji kidogo. Hapana, basi.

Sauti inaisha. Haizuru, hii ya mwisho, neno ya nyumba, haiombe sauti. Annie, leta uso yako hapa, utazame mikono yangu. Séphora, geukia ukuta, usiitafsirie mutu. Hippolyte, weye bakia, tazama. Leo hautaelewa. Utaisema ku matanga.