Karte Mbili, Mlango Mmoja

Kwenye kijiwe cha Florentin, hapa Kindu, hakuna anayekalia kiti. Wanakalia ubao mmoja mnene, mzito wa kuvunja kiuno ukijaribu kuuinua, uliolazwa juu ya matofali mbele ya salle, ukumbi wake wa michezo ya kompyuta. Ndani ya salle kuna kompyuta moja, skrini kubwa, jenereta nyuma ya ukuta, na siku hizi hakuna mchezaji hata mmoja. Vijana wamehamia kwa Louis, kule karibu na gare ya treni, na Florentin anaamini anajua sababu: mpira ukikaribia goli, picha yake inaganda. Basi amekusanya alichonacho chote, amempelekea dada yake mkubwa Nathalie aliyeko Goma, na Nathalie sasa hivi yuko dukani, simu mkononi. Kwa bei ileile, mwenye duka anatoa karte mbili za picha za wastani, kadi zinazochora mchezo kwenye skrini, zifanye kazi pamoja ndani ya mashine moja, au karte moja yenye nguvu. Duka linakaribia kufungwa, ndege ni kesho. Florentin akikosea, salle inakufa, naye anarudi Punia kuchimba mawe katika shimo ambalo bado analiota. Mwenye akili zake angetafuta fundi. Florentin alikiuliza kijiwe.

— Mbili, alisema Papa Jacques, swali halijaisha.

Huyu wanamwita Deux-Portes, Milango Miwili. Tangu vita, hana imani na kitu kilicho kimoja. Nyumba yake ina milango miwili, na mkononi anavaa saa mbili ambazo hazijawahi kupatana.

— Wakati wa vita chumvi tulikuwa tunaigawanya mizigo mbili, njia mbili. Moja ikikamatwa, ingine inafika. Karte njo vilevile. Moja ikikufa katikati ya mechi, ingine inasema: pumuzika, mi niko.

— Papa, hii iko ordinateur, haiko barrière ya askari, alisema Blaise.

Blaise ndiye Turbo. Zamani aliendesha taxi-moto. Sasa anaziongelea tu, na kwa kuongea hajawahi kuishiwa mafuta.

— Umeshaona pikipiki ya moteri mbili? Moja ya nguvu inavuta, basi. Mbili zitaangaliana: anza wewe, apana, anza wewe. Kama ku biro ya serikali.

Florentin alijaribu kuingiza neno.

— Muntu wa duka aliambia yaya Nathalie kama jeu zingine, ile michezo, hazitambuaki karte ya pili. Inakaa tu ndani, inakula umeme.

— Huyo tunamujua, alisema Turbo. Ku kila biro iko moja.

Mama Victorine, mwenye thermos ya kahawa ya tangawizi, alicheka mpaka akamwaga kidogo. Wakati huo kijana mmoja wa taxi-moto alikata moteri alipowakaribia, akashuka, akaisukuma pikipiki kimyakimya mpaka akawapita.

— Munaona? alisema Turbo, kifua mbele. Wananiheshimuka bado.

— Turudi kwa karte, alisema Deux-Portes. Mbili zinagawanya kazi. Moja inachora juu, ingine inachora chini.

— Na ile ya chini ikilala? Tutaona wachezaji bila miguu!

— Basi moja inachora timu hii, ingine inachora timu ile. Hapo hakuna upendeleo. Hata arbitre na filimbi yake atashukuru.

— Na arbitre mwenyewe atachorwa na nani?

Papa Jacques aliangalia saa ya kushoto, kisha ya kulia. Hakuna iliyomsaidia. Akapiga ubao kwa kiganja.

— Turbo, unakalia nini?

— Banki, hii benchi.

— Unakalia mulango! Hii njo ilikuwa mulango ya nyuma ya nyumba hii. Askari walikuwa kule mbele wanapiga mateke, sisi tukatokea huku. Huyu Florentin nilimubeba ku mugongo, analilia kiatu yake yenye ilibaki ndani. Kama nyumba ilikuwa na mulango moja, leo ungekuwa unakunywa kahawa kwa nani?

Hadithi hiyo wote wanaijua. Florentin hakumbuki risasi. Anakumbuka harufu ya shati la Papa Jacques na kidevu chake mwenyewe kikigonga bega la mzee. Vita vilipoisha, marehemu baba yake aliliziba lile tundu la nyuma kwa matofali, akasema hatutakimbia tena, na ubao akauleta mbele watu wakae. Florentin anampenda huyu mzee kweli, na ndiyo maana hajawahi kumkatalia jambo, hata mambo ya kompyuta, ambayo Papa Jacques hayajui kabisa.

Mama mmoja alipita na beseni la majani ya sombe kichwani. Aliinamisha macho, akasema polepole:

— Courage, wababa. Mujikaze.

— Merci, mama, alijibu Florentin, moyo ukimpasuka kwa furaha. Kumbe mtaa mzima unajua anavyohangaika na salle yake.

Turbo alikuwa amepata pumzi mpya.

— Papa, tusidanganyane. Kuweka wawili ku kiti moja tumeshajaribu. Baada ya vita tuliweka hata watano, rais na makamu wane! Picha iliganda mpaka leo.

— Na ukiweka moja ya nguvu? Ikishakaa ndani itasema: mi njo mashine. Utataka kuibadilisha, itakuomba muda kidogo ya kumaliza kazi. Kisha muda ingine. Itabadilisha hata bouton ya kuzimia.

— Mbili zitakula jenereta nzima, mutaa utabaki giza.

— Moja itapata joto, itachoma nyumba.

— Mbili zitazaa!

Hapo hata Turbo alijishangaa. Mama Victorine aliinamisha thermos, yakatoka matone ya mwisho na tangawizi yote ya chini.

— Kahawa imeisha. Na nyinyi bado.

Ndipo alipofika mama ambaye hawakumfahamu, kitenge kimefungwa vizuri, mfuko mdogo wa makaa mkononi. Aliuweka mfuko chini mbele yao kwa adabu, akajitambulisha: yeye ni Déborah, ametoka Lubutu, amepanga nyumba ya pembeni. Kisha akashika mikono yao mmoja mmoja, kuanzia kwa Papa Jacques.

— Poleni sana, wababa. Munisamehe nimechelewa. Ni nani alikufa?

Florentin alimtazama Turbo, Turbo akamtazama Papa Jacques. Papa Jacques aliangalia saa zake.

— Alikufa... wapi? aliuliza Turbo.

— Hapa. Iko kilio, si ndiyo? Tangu nihamie naonaka wababa mumekaa mbele ya nyumba, asubuhi mpaka jioni, kahawa inazunguka, wenye taxi-moto wanazima moteri. Nikasema, huyu marehemu alikuwa muntu mukubwa, kilio haiishi. Watoto wangu niliwakataza kucheka wakipita hapa. Wakitaka michezo ya ordinateur, wanaenda mbali, kwa Louis.

— Mama, alisema Florentin, hapa pia iko michezo.

— Hapa? Mulango iko wapi?

Florentin aligeuka. Mlango ulikuwa palepale siku zote, nyuma ya mgongo wa Papa Jacques na wa Turbo. Ili kuingia, mtoto alipaswa kuvuka magoti ya wazee wawili na kueleza kwanza kwa nini hayuko shuleni. Alikumbuka yule kijana wa pikipiki, na ile "courage" aliyoipokea kwa furaha. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Simu ikalia. Ni Nathalie.

— Florentin, wanafunga. Moja ama mbili?

Kijiwe kizima kikainamia simu.

— Moja, yaya. Karte moja. Na ukitoka hapo uninunulie bawaba mbili. Nzito, za mulango.

— Moja! alipaza Turbo.

— Mbili! alipaza Papa Jacques.

Na kila mmoja aliridhika kwamba ameshinda. Florentin aliweka simu mfukoni, akasimama mbele ya mzee. Kumwinua mtu aliyekuokoa si jambo dogo.

— Wababa, naomba musimame. Nitabomoa yale matofali ya nyuma, hii mulango irudi pale. Mumekalia mulango yangu.

Turbo aliinuka. Papa Jacques alibaki amekaa, kiganja juu ya ubao.

— Nilikutolesha ku hii mulango, alisema. Leo njo unanitolesha ku yenyewe?

— Apana, papa. Leo utaingia nayo.

Mzee akampa mkono, Florentin akamvuta. Mzee alipokwisha kusimama vizuri, aliinama tena, akashika upande wake wa ubao.