Baike Sovetbek na Kompyuta Iliyokuwa Ikijizima

Tarehe 28 Februari, Bwana Sovetbek Jumaliev, fundi wa mitambo wa hospitali yetu ya wilaya, anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Alipoajiriwa, mashine yetu ya eksirei ilikuwa mpya na yeye alikuwa na nywele. Mashine imeshabadilishwa mara mbili. Nywele bado tunazisubiri.

Sote tunamwita Baike, kaka mkubwa, wakiwemo wachache waliomzidi umri. Alisomea umeme Bishkek, mji mkuu wetu, enzi hizo ukiitwa Frunze, kisha akarudi huku milimani Naryn wakati wenzake wote wakitafuta kazi mjini. Hakudumu sana kabla mambo hayajaharibika. Miaka ile ya shida, umeme ulipokuwa ukikatika wiki nzima, Baike alifungua betri ya gari la wagonjwa akawashia taa chumba cha kujifungulia. Dereva alimnunia mwezi mzima. Lakini bondeni humu kuna wanawake wawili wanaoitwa Jarkyn, yaani mwangaza, na mama zao wanajua ni kwa sababu gani.

Tusimsifu kupita kiasi, maana naye ana yake. Ana maswali mengi kuliko askari wa mpakani. Ukimpelekea pasi iliyokufa atakuuliza ulikuwa unapiga nguo gani, umeisimamisha wapi, na nani mwingine aliishika. Hafungui mkoba wake wa vifaa kabla hajanywa chai, na akishafika kwenye chai ya pili huwa ameshamaliza sahani nzima ya boorsok, maandazi yetu madogo. Mkewe, Mama Kalipa, anasema mashine ya kufulia ya nyumbani kwake inasubiri fundi tangu harusi ya binti yao. Tunamwomba radhi mama huyu kwa niaba ya hospitali nzima.

Hata hivyo, ukimtaja Baike katika korido zetu, watu hawaanzi na betri wala boorsok. Wanaanza na kompyuta ya masjala.

Karani wa masjala ni Anarkul Sydykova. Majira ya baridi ninayoyasimulia, alikuwa amefiwa na mume si zamani, na watoto wawili pamoja na mama mkwe walikuwa wakiutazama mshahara wake. Alikuwa akiandaa ripoti ya mwaka, ile ambayo mkoa usipoiona hautoi mgao wa dawa. Kila alipofika katikati, kompyuta yake ya mezani ilizima ghafla, bila onyo lolote, na kazi ikapotea. Akajizoeza kuhifadhi kila mstari. Haikusaidia, kwa sababu ilifika mahali kompyuta haikai ikiwaka hata muda wa kumaliza ukurasa.

Baike alipoitwa, alianza na umeme, na mtu yeyote wa huku angeanza hapo. Baridi ikikaza, kila nyumba huwasha hita na umeme hupanda na kushuka unavyotaka. Akafunga stebilaiza, kifaa cha kutuliza umeme. Mbele yake kompyuta iliwaka vizuri kabisa, na alipoondoka ikazima. Akarudi akabadilisha pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Ikawaka vizuri, akaondoka, ikazima. Mara ya tatu aliibeba hadi karakana yake, akakagua memori, akatafuta virusi, akaipa kazi nzito mwisho wote wa juma. Haikuzima hata mara moja. Akairudisha masjala asubuhi, na mchana Anarkul alikuwa amekaa mbele ya kioo cheusi.

“Baike, hiyo mashine inakuogopa,” madereva walimtania. “Tupe picha yako tuibandike pale mezani, ripoti iishe!”

Baike alicheka nao. Ubaya ni kwamba utani huo ulikuwa na upande wa pili, na upande huo ulimwangukia Anarkul. Kama mashine ni nzima fundi akiwepo, basi anaizima nani? Maneno yakaanza kuzunguka jikoni na chumba cha kufulia nguo: “Kachoka kazi huyo. Si mnaona inazima akiwa peke yake tu?” Daktari Mkuu Myrzabek si mtu mkatili, lakini mkoa ulikuwa ukimpigia simu kila asubuhi. Akamwita Anarkul, akamwambia ripoti isipokuwa tayari Ijumaa atatafuta karani mwingine. Anarkul alirudi mezani kwake akaendelea kuchapa. Hakumlilia mtu, na nadhani hilo nalo lilimponza.

Alhamisi Baike akashikwa na kiuno. Alijikokota mpaka masjala kuchukua faili lake la matibabu, bila mkoba, amejikunja, anaugulia kwa kila hatua. Kwa mara ya kwanza aliingia chumba kile kama mgonjwa. Anarkul akamketisha kwenye benchi, akamwambia asubiri amalizie mstari mmoja. Kabla hajaumaliza, kompyuta ikazima.

Wakatazamana.

“Umeona?” Anarkul akasema. “Umeona mwenyewe, Baike? Sema kweli!”

“Nimeona,” alijibu, na kiuno akakisahau, maana alikuwa ameshapiga magoti chini ya meza. “Ala! Dada mdogo, hiki ni nini?”

“Kipi?”

“Hiki ilichovaa!”

“Si ni koti lake!”

Kompyuta ilikuwa imevaa koti la sufu ya kondoo iliyogandamizwa, nene kama zulia la hema, lenye mapambo ya pembe za kondoo dume kwa rangi nyekundu na bluu. Lilishonwa kwa ustadi, lina tundu la nyaya na tundu la kitufe. Asiyeishi huku anaweza kushangaa, lakini kwetu kila chenye thamani huvishwa: birika la chai, simu ya mezani, hata bomba la maji. Chumba cha masjala ndicho cha baridi kuliko vyote, na Anarkul mwenyewe alikuwa ndani ya makoti mawili.

“Ilipoanza kuzima nikajua ni baridi,” alieleza. “Nikaishonea koti. Ikazidi, nikaongeza safu ya pili. Juzi nimeongeza ya tatu.”

“Sasa mbona mimi nikija silioni?”

“Wewe ukija naivua! Hii ni hospitali, Baike. Daktari akija utamwonyesha mgonjwa na koti lake?”

Baike aliingiza mkono chini ya sufu akautoa mbio. Mle ndani mlikuwa na joto la mkate uliotoka tanurini. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujizima yenyewe isiungue, na hii ilikuwa ikijiokoa kila siku mbele ya mwanamke aliyekuwa akidhani anaiokoa yeye. Alipoifungua alikuta feni, aliyoiacha na vumbi kidogo tu, sasa imejaa manyoya ya sufu na haizunguki sawasawa. Pengine feni ilianza kuchoka mapema kwa vumbi, ndipo ikazima zile mara za mwanzo, koti likamalizia.

Akasafisha feni, akapaka upya dawa ya kupitishia joto, akaiwasha. Halafu akafanya jambo lililomkera Anarkul: akaivisha tena lile koti, wakakaa wanaisubiri. Ikazima. Akaivua, akaiacha ipoe, wakaiwasha tena, na Anarkul akachapa mpaka ripoti ikaisha bila hata kusita. Baike alisema hataki kubahatisha mara ya nne.

Ijumaa asubuhi, kwenye mkutano wa wafanyakazi, habari ilikuwa imeshatangulia. Ukumbi ulikuwa umejaa vicheko vya chini chini. Watu waliokuwa wakimwita Anarkul mvivu sasa walikuwa tayari kumwita mjinga, na yeye alikaa nyuma kabisa, macho kwenye viatu vyake. Daktari Mkuu akauliza, “Kwa hiyo, Baike, kosa lilikuwa la karani na koti lake?”

Baike akasimama, mkono mmoja kiunoni.

“Hapana, Daktari. Kosa ni langu.”

Kicheko kikakatika.

“Nimekwenda pale mara tatu,” akasema. “Mimi mwenye maswali kwa kila mtu, hapa nimeiuliza mashine yote, yeye sikumuuliza hata moja. Ningemuuliza tu, ‘Nikiondoka unaifanyia nini?’ angeniambia siku ya kwanza. Huyu aliitunza kama mwanakondoo aliyezaliwa kwenye theluji. Mimi ndiye fundi. Mkitaka kumkata mtu mshahara, nikateni mimi, na ripoti yake hiyo hapo mezani, imekamilika.”

Hakuna aliyetarajia maneno hayo kutoka kwa mtu wa maswali. Daktari Mkuu akainuka. Akachukua birika, akapita watu wote mpaka nyuma, akammiminia Anarkul chai kwa mkono wake. Mtu wa cheo chake na umri wake kumhudumia mwanamke mdogo mbele ya watu! Hakusema samahani, wala hapakuwa na haja. Anarkul aliipokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipolia.

Leo Anarkul ni mkuu wa masjala, na ripoti zetu ndizo za kwanza kufika mkoani. Aliniomba nisiandike kwamba analia tena wiki hii, kwa hiyo sikuandika.

Fundi mpya ameshafika. Ni hodari, ana vifaa vizuri, na mashine zetu hazitakosa mtu wa kuzifungua. Tunachokihofia ni kitu kingine. Siku mmoja wetu akisimamishwa mbele ya wenzake, na ukumbi mzima ukiwa umeshaamua ni nani mkosaji, sijui ni nani atakayesimama na kusema, “Ni mimi.”

Ahsante, Baike. Nenda ukapumzike, kiuno kipone, Mama Kalipa apate zamu yake, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na zenye amani. Sisi uliotutetea, na sisi tuliokuwa tukicheka, tunakuombea hayo kwa moyo mmoja.