Damu Iliyo Kwenye Kitovu

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa Obeid, muuza kahawa, kumjazia Kibii kikombe bila kuulizwa. Tangu maji ya ziwa yaingie mitaa ya chini ya Kihoto, benchi lao lilikuwa limehamishiwa juu, mbele ya kibanda cha kuziba pancha. Kibii, mwalimu wa baiolojia, alikaa pembeni kabisa. Ndivyo alivyokaa tangu amzike mkewe Linah, aliyetokwa na damu mpaka akafariki siku ya kujifungua. Mtoto alichukuliwa na nyanya yake anayeishi Molo. Pale benchini hakuna aliyelitaja jambo hilo, na Kibii naye hakulitaja.

Ndipo akafika Mathenge, fundi wa magari, mfupi, anayeitwa Spana.

— Niaje wazee. Nimekuwa guka, binti yangu amejifungua, lakini nina kesi na yule nesi.

— Hongera! Kesi gani tena? aliuliza Obeid.

— Mtoto ametoka, analia vizuri, halafu nesi anasimama tu. Hakati kitovu. Alikuwa anangoja nini, stima irudi?

Micah, mfugaji, akacheka.

— Kwani ng'ombe hukatiwa na nani? Ndama anaanguka, kitovu kinajikata, maisha yanaendelea.

— Binti yangu si ng'ombe, Micah.

— Sijasema. Lakini ndama wangu hawajawahi kushtaki nesi.

— Hii ni mambo ya tangi, alisema Obeid. Mtoto akiwekwa juu, damu inateremka kwa mama. Akiwekwa chini, inamwingia, anakuwa mrefu.

— Basi Spana aliwekwa juu ya kabati! alidakia Micah.

— Chekeni tu, alisema Spana. Ile damu ni ya mama. Ukiacha bomba wazi, mtoto anajaza tangi lake, mama anabaki mtupu. Ndiyo maana wanawake wanakwisha pale pale...

Akamkumbuka Kibii. Alikuwa amechelewa. Kila mtu akatazama kahawa yake.

Kibii alikuwa ameishi na wazo hilo hilo kwa miezi. Siku ile ya kujifungua alisimama kichwani pa Linah, akamwona nesi akingoja, kitovu kikipiga kama mshipa wa shingo, naye akaridhika kwamba kazi inafanywa ipasavyo. Baada ya mazishi, usiku, wazo likamjia kwamba mtoto alikuwa amemnywa mama yake. Hakuwa ameenda Molo tena.

— Hapana, alisema. Damu iliyo kwenye kitovu ni ya mtoto mwenyewe. Inazunguka kati yake na kondo la nyuma. Haichanganyiki na ya mama. Ukibana upesi, unaiacha nje damu yake. Ukingoja dakika moja au zaidi, inamwingia, na madini yake ya chuma yanamfaa miezi ya kwanza.

— Na mama? aliuliza Spana kwa sauti ndogo.

— Mama hatokwi na damu zaidi kwa sababu ya kungoja. Hilo limepimwa. Mfuko wa uzazi ukikataa kujikaza, damu itatoka tu, kitovu kikatwe mapema au kicheleweshwe.

Alikuwa amewafundisha wanafunzi hayo mwaka baada ya mwaka. Hakuwa amewahi kujiambia mwenyewe.

— Mtoto wako walimngojea, Mwalimu? Spana aliuliza tena.

— Walimngojea.

Mama mmoja mwenye koti la kazi la shamba la maua, mgeni pale, alikuwa amesimama akinywa kahawa. Hakujua yasiyotajwa kwenye benchi hilo.

— Basi huyo ana damu nzuri. Ana miezi mingapi?

— Sita sasa.

— Ameanza kukaa?

Kibii akamtazama Obeid. Obeid akatazama birika.

— Nauliza tu, boss. Wangu alianza kukaa mwezi huo.

— Sijui, alisema Kibii.

Asubuhi iliyofuata alikwenda Molo. Ukungu ulikuwa ungali juu ya mashamba ya viazi alipobisha. Mama yake Linah hakumwuliza alikuwa wapi siku zote hizo. Alitandika blanketi karibu na jiko, akamkalisha mtoto katikati, akaondoa mikono polepole.

— Jepkorir, ona nani amekuja.

Mtoto akayumba upande mmoja, akajishika kwa kiganja, akatulia. Kibii akavua viatu, akaketi sakafuni nyuma yake, mikono wazi, tayari kumdaka.