Dada Kiherehere na Wimbo wa Majini

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliosafiri kutwa nzima mkafika hapa na vumbi la njiani, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, nisimame nieleze maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, maana yeye mwenyewe angekuwa hai angeshanikatiza mara mbili na kuniambia nifupishe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni mwaka 1978, katika zahanati ya mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi wa magari kwenye gereji ya mabasi, na mama yetu, mshonaji, ambaye tunaye hapa mbele. Mama anasema mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa vizuri, kutambaa akakuruka kabisa, na bibi alipomwona anazunguka chumba akigonga sufuria, ndoo na magoti ya wageni, akampa jina la Kiherehere, jina ambalo mwanzoni lilikuwa la kumkanya, likageuka la kumwita, na mwishowe watu wa nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga wakamjua kwa hilo tu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia Januari 1986 hadi Novemba 1992, akaingia sekondari mwaka 1993, na kumaliza mwaka 1996, na katika miaka yote hiyo hakuna mwalimu aliyemlalamikia kwa uvivu wala kwa utovu wa adabu, isipokuwa mmoja aliyemwambia baba kwamba akili ya huyu mtoto iko darasani, tatizo ni mwili wake. Ni katika miaka hiyo ndipo kinyozi wa mtaa alipofungua chumba cha pili chenye televisheni nne za kuchezea gemu, watu wakilipa kwa nusu saa, na dada yetu akawa anashinda humo, lakini hachezi, kwa sababu kucheza kulitaka mtu akae. Alisimama nyuma ya wachezaji, akihama kutoka televisheni hii kwenda ile, mpaka siku moja kinyozi akamshika bega akamuuliza, "We mtoto, huchezi, huondoki, unataka nini humu ndani?" Naye akajibu, "Nataka huyu kaka asife haraka, wimbo wa majini ndio unaanza."

Wimbo huo ulikuwa wa gemu moja ya mpiga mbizi, na ulisikika tu mchezaji akifika chini ya bahari, jambo ambalo wengi hawakuliweza, na wenyewe ulikuwa mfupi, unapanda, unapanda, kisha kabla haujafika unarudi mwanzo, tena na tena, mpaka mpiga mbizi afe au atoke. Dada alirudi nao nyumbani akiuimba huku anaosha vyombo, akifika pale unapokatika anasimama na sahani mkononi na kuuliza, "Sasa wewe ulikuwa unakwenda wapi?" na baba akiwa sebuleni anamjibu kwamba ulikuwa unakwenda kumwachia mtu nafasi asikilize taarifa ya habari.

Mwaka 1997 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu cheti cha umeme mwaka 1999, na tarehe 3 Aprili 2000 akaajiriwa na kampuni ya kufunga na kutengeneza lifti, ambako alifanya kazi mpaka mwili ulipomkatalia. Hiyo ndiyo kazi iliyomfaa, ya kupanda na kushuka kutwa, leo yuko juu ya paa anapaka grisi kwenye mota, kesho yuko chini kabisa anaokota funguo za watu, na msimamizi wake, ambaye wote tunamwita Mzee Kamba, ananiambia kwamba watu walipokwama ndani ya lifti yeye aliwaimbia kupitia ufa wa mlango ili wasiogope, mpaka mama mmoja aliyekwama na ndoo yake ya samaki akapiga kelele, "Fundi, mwanangu, nitoe kwanza, tamasha baadaye!"

Ni lifti iliyomletea mume. Shemeji yetu ni mtengenezaji wa meno ya bandia, mtu mtulivu kuliko watu wote niliowahi kuwaona, na siku lifti ya jengo lao ilipokwama naye ndani peke yake, hakubonyeza kengele wala hakuita mtu, alikaa chini akaegemea ukuta, na dada alipofungua mlango akamkuta amefumba macho, akashtuka, akamuuliza, "Wewe, umekufa?" Shemeji akafumbua jicho moja, akasema, "Hapana. Nasubiri." Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 24 Agosti 2002, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2004 na kijana aliyezaliwa mwaka 2009, ambao leo wamekaa pale pamoja na baba yao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo baadhi yenu mnalifahamu kuliko sisi ndugu zake wa damu. Mwaka 2007 dada alinunua kompyuta iliyokwishatumika, na huko kwenye intaneti akakutana na watu waliokuwa na ugonjwa wa nyimbo kama wake, watu wazima wenye kazi zao na watoto wao, ambao huchukua nyimbo za gemu za zamani, kila mmoja anaupiga upya wimbo mmoja kwa vyombo vyake na kwa namna yake, kisha wanaziunganisha kuwa albamu na kuitoa bure kwa yeyote anayetaka kusikiliza, hawauzi, hawadai chochote. Kundi lake lilikuwa na nguzo mbili kando yake, mhasibu wa kampuni ya mabasi anayeishi mji ulio safari ya kutwa kutoka hapa, mpiga gitaa la besi, tukamjua kwa jina la Besi, na mwalimu wa muziki wa ng'ambo, Dada Filimbi, na kati ya mwaka 2008 na 2017 walitoa albamu tatu, yeye akiwa mratibu, maana yake akiwa msumbufu mkuu, wa kuwaandikia watu asubuhi, mchana na jioni kuuliza wamefika wapi, na wakishamaliza, anawaambia warudie. Mama alimwonya kwamba mshika mbili moja humponyoka, naye akamjibu, "Ndiyo maana mimi nashika tatu, mama, moja ikiponyoka zinabaki mbili."

Albamu ya nne ilikuwa ya gemu ile ya mpiga mbizi, na wimbo wa majini aliuchukua yeye mwenyewe, akaapa kwamba safari hii utafika ulikokuwa unakwenda. Aliuandikia mwisho, akaufuta, akauandika wa pili, akauvunja, miezi ikapita, wenzake wote wamemaliza zao wanamsubiri yeye, na mwaka 2018, katika kuhangaika kwake, akaifuta besi yote ya Besi bila kumuuliza na kuweka nyingine aliyoipiga mwenyewe. Besi alipoisikia alimwandikia sentensi moja tu, kwamba haiwezekani kushirikiana na mtu anayeshirikiana peke yake, akaondoka, na kundi likasambaa, na dada yetu kwa kiburi chake hakumtafuta.

Mnamo Januari 2020 bisibisi ilianza kumwanguka mkononi. Alisema ni uchovu, kisha akasema ni baridi, kisha akasema ni bisibisi yenyewe, mpaka alipoanguka kwenye ngazi za chumba cha mota na Mzee Kamba akampeleka hospitali kwa nguvu, na baada ya vipimo vingi, tarehe 16 Septemba mwaka huohuo, daktari wa mishipa ya fahamu akamweleza kwamba ana ugonjwa unaodhoofisha misuli kidogo kidogo, hauna tiba, utaanza na mikono, utakwenda miguuni, utakuja kwenye sauti, na mwishowe kwenye pumzi. Ndugu zangu, fikirieni ni nani aliyeambiwa maneno hayo. Mwaka ule wa kwanza alikuwa mkali kama moto wa makaa, alizunguka nyumba na fimbo, kisha na kiti cha magurudumu, akigonga milango na kutugombeza wote, na siku mwili uliposhindwa kukaa hata kwenye kiti hicho, akalala kitandani akageukia ukutani, akanyamaza, na kimya kile kilitutisha kuliko ukali wote.

Ndipo shemeji, yule mtu wa kusubiri, akakataa kusubiri. Bila kumwambia mtu alimpigia simu Besi, na Jumamosi moja ya Februari 2022, mchana, mhasibu yule akabisha hodi na gitaa mgongoni, tukampisha mpaka chumbani, akasimama miguuni mwa kitanda, na dada, ambaye wakati huo bado alikuwa anaweza kusema kwa taabu, akamtazama akasema, "Umechelewa." Besi akamwambia, "Ulinifuta." Dada akasema, "Na ningekufuta tena, ile besi ilikuwa mbaya." Besi akaweka gitaa chini, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa, naye dada akacheka, na sisi tuliokuwa mlangoni tukaondoka mmoja mmoja ili wasituone.

Kuanzia siku hiyo Besi alikuja kila alipopata likizo akawa mikono yake. Sauti ilipopungua, waliongea kwa macho, akiinua nyusi maana yake noti ipande, akishusha macho ishuke, akifumba maana yake ulichofanya hakifai, na Mzee Kamba alipokuja kumjulia hali akaona mambo yale, akasema huyu bado yuko kazini, juu, chini, mlango ufungwe. Wakati huohuo Dada Filimbi alikuwa anamtafuta mtunzi halisi wa wimbo ule, kwa sababu gemu ile ilipoisha haikuonyesha jina lake, na baada ya kuuliza huku na kule akampata, mama mtu mzima aliyekwisha kustaafu, anayeuza maua sokoni, ambaye hakujua kama kuna kiumbe duniani anaukumbuka.

Walizungumza kwa simu ya video mwezi Mei 2022, shemeji ameshika simu, mimi nimeshika mto, Dada Filimbi anatafsiri. Mama Mtunzi akaeleza kwamba wimbo haukuwa mfupi, ila nafasi ndani ya kifaa cha gemu ilikuwa imejaa, mkubwa wake akamwambia kata, akakata, na alipoulizwa mwisho wake ulikuwaje, akaweka maua pembeni, akauimba wote, pale pale sokoni, mpaka ukaisha taratibu kama mtu anayeingia nyumbani na kuvua viatu. Dada Filimbi alikuwa analia, mimi nalia, na dada yetu, kwa sauti kidogo iliyobaki, akasema, "Mwambie mwisho wake unalala." Filimbi akasema, "Siwezi kumwambia hivyo, ni mama wa watu." Dada akasema, "Mwambie. Kwa heshima zote, mwambie."

Akaambiwa. Yule mama hakukasirika, akasema, "Nilikuwa msichana, nilikuwa mbali na kwetu, nilitaka kwenda nyumbani, ndiyo maana unalala. Wewe unataka kwenda wapi?" Na dada yetu, ambaye tangu azaliwe hakukosa jibu, akasema, "Popote, mama. Popote, nisiwe tu hapa kitandani." Mama Mtunzi akasema, "Basi andika wa kwenda popote. Wangu utangulie, wako ufuate, mimi nimeridhia."

Albamu ilitoka tarehe 4 Novemba 2023, ina miisho yote miwili, na besi aliyoipiga Besi mwenyewe. Watu wengi waliisikiliza, wakaandika kutoka pande zote, shemeji akamsomea ujumbe baada ya ujumbe, na sisi tukangoja tuone ataridhika, lakini alipomaliza kuisikiliza akaanza kumwita Besi kwa macho, akitaka wimbo wa saba upunguzwe kasi, mpaka Besi akamwinamia akamwambia, "Imeshatoka, dada. Imetoka. Haishikiki tena." Wiki ileile akaanzisha albamu ya tano.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Oktoba 2024, akalazwa hospitali ya wilaya kwa shida ya kupumua, na Alhamisi ya tarehe 17, saa nne asubuhi, mumewe na watoto wake wakiwa wamemshika, akatutoka, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Siku iliyotangulia alikuwa bado anafanya kazi, binti yake akimshikia ubao wa herufi, yeye akimwonyesha moja moja kwa macho, na maneno ya mwisho aliyoyapanga yalikuwa, "Wimbo wa tatu, punguza," akachoka, akalala. Besi na Dada Filimbi wameusikiliza wimbo huo mara nyingi wakitafuta ni nini kipunguzwe, ngoma, filimbi, au mwendo, hawajapata, na bado wanabishana, hata leo asubuhi nimewakuta kule nyuma, na mimi nasema ubishi huo ni mali yenu, amewaachia.

Familia inawashukuru daktari wa mishipa ya fahamu aliyesema ukweli bila kutukatisha tamaa, wauguzi wa wodi ya wanawake waliokubali spika ndogo kando ya kitanda, Mzee Kamba na mafundi wenzake waliotengeneza winchi ya kumnyanyulia kitandani, majirani mliovumilia wimbo mmoja ukipigwa mchana kutwa kwa miaka bila kuja kugonga ukuta, watu wa kundi lake popote walipo, na Mama Mtunzi, aliyetuma shada la maua lile pale. Shemeji, wewe hatuna neno linalokutosha.

Dada, pumzika, na iwe kwa amani, na kama kupumzika kutakushinda huko kama kulivyokushinda hapa, basi amani yenyewe ikukimbilie, ikufuate kokote utakakokwenda.