Kikapu cha Udongo

Ndugu zangu wa chama, salama yenu. Mumeniomba nieleze mutaji ni kitu gani, mimi niliyepoteza muke na mutaji kwa musiba mumoja. Sauti ikikatika, munivumilie.

Muke wangu aliuza mupunga soko la Nyangwe. Nyumbani hapa Kasongo aliweka vikapu vitatu. Cha kinywa, tunakula. Cha soko, anauza na kununua tena. Cha tatu kilining'inia juu ya moshi wa jiko. Kile kilikuwa cha mbegu, yeye akakiita cha udongo, maana udongo ndiyo utakila. "Hiki," alisema, "hata sultani akija mugeni, atalala na njaa." Nilikuwa ninamucheka. Mwanaume ni mujinga kweli!

Homa ikamuchukua. Ndugu zake wakaja kwa miguu toka Kabambare, ukoo muzima. Munajua kwetu: mukwe akilisha matanga vibaya, watasema ni yeye aliyemuua. Nikapika cha kinywa, kikaisha. Nikapika cha soko. Siku ya arobaini shemeji yangu mukubwa akaangalia juu ya jiko, akauliza, "Na kile ni cha nani?" Haya ikanishika. Nikakishusha mwenyewe, wanawake wakatwanga mbegu.

Nawaambia, mupaka leo nikisikia muchi ndani ya kinu, mwili unasisimuka. Baada ya watu kutawanyika, jirani akitwanga, nilimusikia muke wangu humo, muchana kweupe: "Umegusa cha udongo?" Nikakimbilia nje, nimeziba masikio. Sikuwa na wazimu. Ama nilikuwa nao, sijui.

Mvua ikaanza. Muniteri wa shamba, musimamizi wa Bulamatari, serikali ya Wazungu, akaja kupima. Kila mwanaume ni lazima apande mupunga. Kwangu akakuta udongo mutupu. "Nikirudi nikute hivi, unaenda buloko." Na mutoto wetu wa kike ndiyo kwanza ameanza kutembea. Nikifungwa, nani atamulisha? Niliogopa, jamani. Nilikaa chini palepale shambani nikalia.

Ndipo akaja mama mumoja muuza samaki toka Nyangwe. Sikumujua. Kikapu kichwani, mbegu imejaa. Nikamwambia sina cha kulipa. Akakasirika: "Nani amekuuliza? Muke wako alipopima mupunga, hakuingiza kidole gumba ndani ya kipimo ili kupunja mutu, hata siku moja. Sokoni wote tulijua. Habari ya musiba ilipotufikia, tukachanga." Wee! Nikapokea kikapu kwa mikono miwili.

Kumbe mutaji si franga peke yake. Iko bidhaa inayozunguka sokoni. Iko mbegu na jembe, visivyoliwa hata ukilia. Iko nguvu ya mikono. Na iko jina lako kwa watu, na lile matanga yangu hayakuweza kulitwanga.

Asante kwa mama yule na wenzake. Asante kwenu mulioshika jembe pamoja nami mupaka muniteri akarudi akakuta kijani. Muke wangu anauliza bado, siku za kutwanga. Nimezoea kumujibu: kimejaa tena, kiko juu ya moshi.

Neno langu ni hili. Nikifa mimi, njooni mulie sana, ninapenda kuliliwa. Munywe kahawa. Lakini mukubwa yeyote akiangalia juu ya jiko, akiuliza kile ni cha nani, musione haya. Mumwambie ni cha mutoto.