Damu Iliporudi Moyoni mwa Majid

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Mchana huu tunamkumbuka Majid, mvuna chumvi wa Kilwa Kivinje, mume wa Kidawa. Alifariki mwezi wa tatu, akiwa na miaka hamsini na minne. Alifariki damu ilipokwisha kurudi moyoni. Sikieni vizuri: ilipokwisha kurudi.

Kifua kilimbana saa mbili asubuhi, akiwa kazini. Mvua ilikuwa inanyemelea, na chumvi ya wiki tatu bado haijakusanywa. Mbishi yule! "Gesi tu hii," alimwambia mkewe. Kidawa alibembeleza, akanuna, akafoka. Majid alikubali kupanda pikipiki saa nane mchana. Saa sita zilikuwa zimepita.

Hospitali wakakuta mshipa wa moyo umeziba. Kidawa akatia sahihi, Majid akachomwa sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda. Maumivu yakaisha, akaomba uji. Kidawa akampigia Bashiru, mdogo wake Majid: "Shemeji, kaka yako mzima!" Uji haujapoa, mapigo yakavurugika. Majid akaondoka.

Msibani Bashiru hakumung'unya maneno. "Kaka alikuwa anaongea mpaka ulipowaruhusu wamchome." Tangu hapo Kidawa hali, halali, anafagia uwanja uliokwisha fagiwa. Je, nimemuua mimi? Eda yote alijiuliza swali hilo, hata akampigia simu daktari aliyemtibu Majid, Skolastika.

"Mama, moyo uliokaa saa sita bila damu umeshadhoofika," daktari alisema. "Damu ikirudi ghafla inaweza kuujeruhi upya. Lakini isiporudi, unakufa kabisa. Zilizotuponza ni zile saa sita."

Kidawa alielewa. Kutulia hakutulia.

Mwezi wa nane kifua kikambana Bashiru mwenyewe. Kidawa hakutaka kusikia habari za gesi. Ndani ya saa moja walikuwa hospitali, na Bashiru akagoma.

"Sindano ile ile?"

"Ile ile, shemeji," Kidawa alisema. "Inaweza kukuumiza. Kuchelewa kutakumaliza. Kubali, tafadhali."

Akakubali. Bashiru yuko hai, na sasa hivi anatusikiliza. Ametuomba tuseme hewani neno linalomshinda kila akikaa mbele ya shemeji yake: "Kidawa hakumuua kaka yangu."

Pole sana, bibi Kidawa. Poleni jamaa wote wa Kivinje. Mungu amrehemu Majid.

Na wewe unayetusikiliza huku unajikanda kifua tangu asubuhi, unangoja nini?